Dagaa au vidonge vya kalsiamu baada ya kukoma hedhi?

Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hushuka na mifupa huanza kupungua uzito kwa kasi kuliko awali. Mwanamke aliyevuka miaka 50 hushauriwa kupata miligramu 1,200 hivi za kalsiamu kwa siku. Azitoe wapi?

Mimi naanza na dagaa. Kalsiamu yao imo kwenye mfupa, na dagaa huliwa mzima. Ukikata kichwa kwa sababu ya uchungu, hujapoteza kalsiamu yote. Uti wa mgongo umebaki. (Wale walioanikwa mchangani waoshe mara tatu, mchanga usije ukaumiza meno.) Wanakupa na protini, ambayo mfupa unaihitaji pia. Ongeza glasi ya maziwa, takriban miligramu 300, na sukuma wiki pembeni. Mchicha ni mtamu, ila oksaleti zake (kemikali asilia za mmea) huishikilia kalsiamu, mwili ukapata kidogo tu.

Vidonge vina faida moja kubwa: kipimo kinajulikana. Vinamfaa asiyekula samaki wala maziwa. Vile vya kalsiamu kabonati vimezwe pamoja na chakula, visizidi miligramu 500 kwa mara moja, maana zaidi ya hapo mwili haufyonzi vizuri. Huweza kuleta choo kigumu, na aliyewahi kupata mawe ya figo amuone daktari kwanza.

Bila vitamini D, dagaa na vidonge vyote hudorora. Na aliyekwisha kuvunjika nyonga kwa kujikwaa tu anahitaji dawa za mifupa, siyo dagaa wala kalsiamu peke yake.