Chambo na mshipi wa kuvulia Mombasa: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Wengi wanaoanza uvuvi wa mshipi hutupa pesa mahali pamoja: wananunua rodi ya bei na rili inayong'aa, kisha wanamalizia na ndoana za jumla na chambo kilicholala. Samaki haoni rodi. Anachokutana nacho ni ile mita moja ya mwisho: chambo, ndoana, kigwe (uzi mfupi unaofungwa ndoana) na chubwi (kizito cha kuuzamisha mshipi). Kwa hiyo orodha hii inaanzia mdomoni mwa samaki na kurudi mkononi mwa mvuvi, na bajeti yako nayo ifuate njia hiyohiyo. Ni ya anayevua kutoka ufukweni, juu ya miamba au ndani ya mtumbwi katika mikono ya bahari inayotuzunguka: Tudor, Kilindini hadi Port Reitz, na Mtwapa. Anayetoka nje ya mwamba kutafuta nguru na jodari ana vifaa vyake vingine.

Chambo, kuanzia bora

1. Ngisi. Ukiwa na pesa ya chambo kimoja tu, nunua huyu. Nyama yake ni ngumu, haitoki upesi samaki wadogo wakiidonoa, na hustahimili friza kuliko chambo kingine chochote kinachouzwa hapa. Changu, tewa, chewa na kolekole wote humla. Nusu kilo inamtosha mtu mmoja kwa kujaa kumoja na kupwa kumoja.

Ngisi wa leo ana madoa ya kahawia yanayoonekana moja moja kwenye ngozi, jicho angavu, na nyama nyeupe. Akianza kulala, rangi ya ngozi huchujukia ndani na nyama ikawa ya waridi. Huyo bado anavua, lakini usimlipie bei ya mezani. Kwenye soko la samaki la Mji wa Kale sema wazi: "Ami, nataka wa kuvulia, si wa mchuzi." Omba vichwa na wale waliokatika. Ni bei ya chini, na mikono ya ngisi ndiyo sehemu bora ya mwili wake kwa chambo kwa sababu hucheza na mkondo.

Mpasue, toa ule mfupa mwembamba wa ndani na mfuko wa wino, na usimwoshe kwa maji ya bomba. Maji baridi yasiyo na chumvi humpausha na kumtoa harufu. Kata vipande vya upana wa kidole kidogo, urefu wa sentimita 6 hadi 8, ncha moja ikiwa imechongoka. Chomeka mara mbili kwenye upande mpana, mkia uachwe ukining'inia. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanakunja kipande chote hadi kinajaa kwenye ndoana, ncha ya chuma inazama ndani ya nyama ngumu, na samaki akivuta haipati pa kushika. Ncha lazima ionekane.

2. Kamba. Kwa mvuto pekee, kamba wangeshika nafasi ya kwanza. Hakuna samaki wa mikono ya bahari anayewakataa, na kwa chaa hakuna kinachowashinda. Wako nafasi ya pili kwa sababu ni laini: samaki wadogo wanamaliza mmoja kwa dakika mbili na unabaki unavua kwa ndoana tupu bila kujua. Nunua wadogo, urefu wa kidole, wenye kichwa kilichoshika imara. Kichwa kilicholegea au kilichoingia weusi ni dalili ya kukaa, na nyama yake itakatika ukirusha.

Usiwamenye. Gamba ndilo linaloshikilia. Ingiza ndoana kuanzia mkiani, ifuate mkunjo wa mwili, itokee tumboni, kisha zungushia uzi mwembamba wa cherehani mara tano au sita. Robo kilo inatosha. Tumia kamba maji yanapoanza kujaa, samaki wakishakusanyika badilisha uweke ngisi.

3. Simu na vibua. Hawa ni chambo cha mafuta na damu, kwa hiyo harufu yao husafiri mbali na hufanya kazi hasa usiku na maji yakiwa machafu baada ya mvua, mito inapoleta matope ndani ya Tudor na Port Reitz. Kolekole, msusa na taa huwafuata. Ubaya ni kwamba hongwe (kambare wa baharini) nao huwafuata, na jioni nzima inaweza kuishia kwa hongwe watupu. Chagua wenye tumbo zima na mashavu mekundu. Tumbo lililopasuka halikai kwenye ndoana hata dakika moja.

Dawa ya ulaini ni chumvi ya mawe. Kilo moja ya simu, nusu kilo ya chumvi, tabaka kwa tabaka ndani ya ndoo yenye matundu chini, usiku mmoja. Asubuhi maji yametoka na nyama imekaza. Kibua mkate vipande vyenye ngozi, na ndoana ipenye ngozi, si nyama peke yake.

Omena waliokaushwa usiwaweke kwenye ndoana, watavunjika. Lakini watwange, changanya na mchanga wenye unyevu, tupa konzi moja kila baada ya dakika 15 upande mkondo unakotoka. Kwa bei yao hakuna chambo cha kutupia kinachowazidi.

4. Unga wa ngano. Ni kwa mkizi tu, lakini kwa mkizi ndio wa kwanza. Vikombe 2 vya unga, kijiko kimoja cha omena waliotwangwa, maji kidogo kidogo hadi donge liwe gumu kuliko la chapati, na pamba kiasi cha ncha za vidole iliyochambuliwa na kukandwa ndani. Pamba ndiyo siri: nyuzi zake hushikilia unga usiyeyuke. Acha donge robo saa, kisha kata tonge la ukubwa wa punje ya mbaazi. Mkizi ana mdomo mdogo na hunyonya, hang'ati, kwa hiyo tonge kubwa halitaingia.

Minyoo wa matope, kaa wadogo na tondo (konokono) wa mikokoni siwapangi kwa bei, maana wengi hujiokotea. Tondo mvunje kwa jiwe, utumie ule mguu mgumu. Unakaa kwenye ndoana karibu kama ngisi. Ukichimba minyoo rudisha matope kwenye shimo, kwani mizizi ya mikoko iliyoachwa wazi huumia. Na ukiwanunua, wakatae waliowekwa ndani ya maji. Wanatakiwa wawe kwenye mchanga au matope yenye unyevu, kivulini.

Chambo chochote cha friza kifunge kwa mafungu ya matumizi ya siku moja. Kilichoyeyuka kisirudishwe: barafu ikiganda mara ya pili huchana nyama zaidi, na kinachotoka ni uji.

Ndoana

Hesabu ya namba huwachanganya wengi. Kutoka 12 kushuka hadi 1, namba ndogo ni ndoana kubwa. Kuanzia 1/0 hesabu inageuka, kubwa ni kubwa. Mkizi anataka namba 12 au 10, chaa 10 au 8, changu na tewa 4 hadi 1, chewa na kolekole 2/0 hadi 4/0. Ukishindwa kuchagua, chukua ndogo zaidi. Ndoana ndogo kali humshika samaki mkubwa. Kubwa haiingii mdomoni mwa mdogo.

Ya kwanza kununua ni ya shina refu. Shina ndilo linaloweka uzi mbali na meno, na kwenye mikono ya bahari meno yenyewe ni ya bunju, samaki anayejivimbisha, anayekata nailoni kwa kipande safi kama cha makasi. Ukiona kigwe kimekatwa hivyo mara mbili mfululizo, hama mahali, usibadilishe ndoana tu. Ya pili ni ya mviringo, ambayo ncha yake imekunjwa kuelekea shina. Ni nzuri kwa mshipi wa usiku ulioachwa umefungwa, kwa sababu samaki akiondoka nayo inamshika pembeni ya mdomo yenyewe. Ukiipiga kwa kuvuta ghafla kama ile ya kawaida, unamtoa. Vuta polepole, bila kusimama. Ile ya ncha tatu iache dukani. Kwenye miamba hunasa mawe kwanza.

Kabla ya kulipa fanya majaribio matatu. Buruta ncha kwenye ukucha wa kidole gumba: ikiteleza ni butu, ikikwaruza inafaa. Chomeka kwenye ubao uvute: iliyofunguka ikabaki wazi ni laini, iliyovunjika imechomwa kupita kiasi, njema hupinda kidogo ikarudi. Mwisho, angalia jicho. Pete isiyofungika sawasawa hukata fundo, na lawama inakwenda kwa uzi usio na kosa.

Zisizoshika kutu zinavutia kwa kudumu, lakini samaki akikatika nayo hataivua tena. Chuma cha kawaida huliwa na chumvi. Nunua cha kawaida, ukitoka kisuuze kwa maji baridi, kikaushe na ukipake mafuta.

Mshipi na kigwe

Anayevua kwa mkono anunue nailoni ya milimita 0.60 hadi 0.80. Si kwa ajili ya uzito wa samaki. Uzi mwembamba hukata vidole. Mwenye rili anatosheka na 0.40 hadi 0.50. Kigwe, ule uzi mfupi wa ndoana, kiwe chembamba kuliko mshipi mkuu, 0.35, au 0.40 ikiwa mshipi ni mnene zaidi ya hapo, ili kikinasa kikatike chenyewe na mshipi wote urudi.

Usichukue nailoni iliyokaa kwenye kioo cha mbele cha duka. Jua huua nailoni bila kuibadilisha sana sura. Omba ya ndani, kata futi mbili, funga fundo la kawaida katikati, loweka kwa mate, uvute kwa nguvu. Ikikatika kirahisi au ikibaki na vumbi jeupe mkononi, rudisha. Fundo lolote lilowekwe kabla ya kukazwa, maana nailoni kavu hujichoma kwa msuguano na fundo ndipo hukatikia.

Uzi wa kusukwa una nguvu sana kwa unene wake, na wauzaji huusifia. Kwa mtumbwi kwenye mchanga ni sawa. Kwenye miamba ya Likoni au Mama Ngina ukigusa tumbawe mara moja umekatika, na kwa mkono mtupu ni kisu.

Chubwi

Nunua la risasi la gramu 30, 60 na 100, mawili mawili. Maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, gramu 30 zinatosha ndani ya Tudor. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, siku chache baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mkondo wa saa ya tatu na ya nne tangu maji yageuke hubeba hata gramu 100 kwenye mlango wa Kilindini. Hapo afadhali usubiri, uvue saa mbili za mwisho za kujaa na ya kwanza ya kupwa.

Usilifunge chubwi kwenye mshipi mkuu. Lifunge kwa uzi dhaifu wa urefu wa shubiri, na vigwe viwili vya sentimita 25 juu yake, vikiachana vya kutosha visisokotane. Chubwi likinasa kwenye jiwe unapoteza lenyewe tu. Nati na plagi kuukuu za gari hufanya kazi hiyohiyo bila gharama, na penye mawe mengi ni chaguo bora kuliko risasi. Risasi ni sumu: usiibane kwa meno, na nawa mikono kabla ya kula.

Mwisho, rodi

Kwa mtumbwi huihitaji. Kwa ufukweni inasaidia kurusha mbali, na ya mita 2.7 hadi 3 ya faibaglasi inatosha. Ya kaboni ni nyepesi lakini hupasuka ikigongwa kwenye mwamba. Pitisha pamba ndani ya kila pete. Ikikamata nyuzi, pete ina ufa na itakula mshipi wako. Kwa boya, kipande cha ndara kuukuu kinamfaa mkizi.

Koleo la mdomo mrefu ni lazima, si la kuongezea. Miiba ya tafi na ya hongwe ina sumu, na mtu huchomwa wakati wa kuwatoa kwenye ndoana, si wakati wa kuwavuta. Akichomwa, atie sehemu hiyo kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, kiasi cha nyuzi 45, nusu saa hadi saa moja na nusu, mwenzake akiyapima kwanza kwa mkono mzima. Kisha aende hospitali ikiwa kipande cha mwiba kimebaki ndani au uvimbe unapanda. Bunju usimpeleke jikoni kabisa, hata akiwa mnono vipi. Sumu yake haiishi kwa kupikwa.