Dawa ya bluu iliyokataa kugeuka: uzoefu wangu na kipimo cha gasketi ya hedi

Kipimo ninachokizungumzia ni kile cha bomba la plastiki angavu lenye vyumba viwili, puto la mpira juu, koni ya mpira chini, na kichupa cha dawa ya bluu pembeni. Ninacho kwa miezi minane sasa na nimekitumia kwenye magari matatu. Wengi wanaokisifu husema kiliwaambia gasketi ya hedi, yaani kizibo bapa kati ya hedi (kichwa cha injini) na bloku (mwili wa injini), imeungua. Mimi kiliniambia kinyume chake, na nusura nisikielewe.

Gari langu ni la petroli, silinda nne, gia za mkono. Asubuhi moja nilifungua tangi la akiba la maji ya rejeta ili niongeze kidogo, nikakuta ute wa kahawia umeganda chini ya mfuniko kama grisi iliyokorogwa na maji. Kidole kilitoka na utelezi uliogoma kutoka kwa sabuni ya mara ya kwanza. Nikachomoa dipstiki, kijiti cha kupimia oili, haraka haraka: oili safi, imepungua kidogo tu. Mfuniko wa oili juu ya injini nao safi. Gari halijawahi kuchemsha, halitoi moshi mweupe, likiwashwa linaitikia papo hapo.

Kwanza niliuliza nyumbani kama kuna mtu aliyemimina oili kwenye tangi lisilo lake. Msicheke, hutokea. Nikachota ule uchafu kwenye chupa angavu nikauacha hadi kesho yake, kwa sababu kulanti (maji ya dawa ya rejeta) za aina mbili zisizopatana zikichanganywa nazo huweza kufanya ute wa kahawia usiokuwa na oili hata tone. Kulipokucha, juu ya chupa kulikuwa na tabaka la oili. Basi.

Fundi wa kwanza alitupa jicho mara moja tu, akasema, "Kaka, gasketi hiyo imekwisha. Tufungue hedi, ikaskimiwe." Yaani ikakwanguliwe uso wake uwe sawa. Simlaumu sana, maana ukitaja oili kwenye maji kila mtu anajibu gasketi kabla hujamaliza sentensi. Ila swali moja lilinikaa kooni: kama oili na maji vimepata njia ya kukutana, mbona maji hayajaingia kwenye oili?

Jibu lake ni presha. Injini ikiwa mwendoni, pampu ya oili husukuma kwa baa 3 hadi 5 kwenye magari mengi madogo. Mfumo wa maji una mfuniko unaoachia kwenye baa 1 hivi, au zaidi kidogo. Pakitokea kitundu kati ya njia hizo mbili, oili ndiyo inayohamia kwa maji. Ukizima injini mambo yanapinduka: presha ya oili inaanguka hadi sifuri, huku maji ya moto yakibaki na presha yake kwa muda. Hapo ndipo maji yanapopata nafasi ya kurudi upande wa oili, kama tundu ni kubwa vya kutosha. Likiwa dogo, dipstiki inaweza kukaa safi kwa wiki nyingi na ikakudanganya.

Na mahali ambapo oili yenye presha inapakana na maji si pengi. Kuna gasketi ya hedi, pale njia ya oili inapopanda kwenda kwenye kemshafti, mtaimbo unaofungua valvu. Kuna ufa wa hedi au wa bloku. Na kuna kipozaji cha oili kwa injini zilizo nacho, kile mafundi wanachokiita oili kula: bati za aluminiamu zilizopangwa safu safu, safu moja inapita oili na inayofuata inapita maji, mara nyingi kimefungwa nyuma ya filta ya oili. (Jina hilo linanichekesha hadi leo. Oili kula yangu haikula oili, iliitapika.) Wenye magari ya otomatiki wana mtuhumiwa wa ziada, yaani kipozaji cha oili ya gia kilichojificha ndani ya rejeta. Oili ya gia hizo kwa kawaida ni nyekundu, kwa hiyo ute wake huelekea rangi ya waridi. Ukiuona huo, usiendeshe tena hata kidogo, kwa kuwa maji yakipenya kwenye gia boksi yanaua pleti za klachi zilizomo ndani. Langu ni la gia za mkono, nikamfuta huyo.

Sasa kipimo chenyewe. Kazi yake ni kunusa. Gesi ya mlipuko kutoka kwenye silinda imejaa hewa ukaa, na hewa ukaa ikiyeyuka kwenye dawa ile inazaa asidi hafifu, dawa inatoka bluu na kuwa njano. Kwa injini ya dizeli inaweza kuishia kijani. Unafungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi (ikiwa moto usithubutu, maji yaliyobanwa na presha yanapita nyuzi 100 bila kuchemka na yatakurukia usoni), unapunguza maji kiasi cha vidole vitatu vinne, unawasha hadi hozi ya juu ipate moto, unakalisha koni, unaminya puto kwa dakika mbili ili hewa iliyo juu ya maji ipite kwenye dawa.

Mara ya kwanza sikupunguza maji. Maelekezo yamelisema hilo kwa herufi za kutafutwa kwa tochi. Puto likavuta ute wenyewe, dawa ikawa tope, nikamwaga na kuosha kila kitu. Kosa ni langu, lakini nusu ya nyota nawakata wao kwa sababu kichupa ni kidogo na dawa iliyochafuka haifai tena. Nusu nyingine nawakata kwa koni: inakaa vizuri kwenye shingo ya rejeta ya zamani, lakini kwenye tangi la plastiki lenye mdomo mpana inayumba, ikabidi niikandamize kwa mkono muda wote huku mkono wa pili ukiminya puto.

Kabla ya kuiamini dawa, ijaribu. Niliipulizia pumzi yangu kwa mrija, kwa kuwa pumzi ya mtu ina hewa ukaa kama asilimia 4, ikageuka njano. Kisha nikaipitishia hewa safi ya nje kwa puto, polepole ikarudi bluu. Usipofanya hivyo unaweza kuwa na dawa iliyokufa ambayo haigeuki kwa lolote, ukaenda kulala ukiamini gasketi ni nzima.

Kwenye gari langu ilibaki bluu. Nikarudia baada ya kupanda mlima na gari likiwa limejaa, bado bluu. Nikalijaribu gari la jirani lililokuwa linachemsha na kupungukiwa maji bila kuvuja popote. Sekunde ishirini hivi, njano ya kung'aa. Kwa hiyo chombo kinafanya kazi.

Lakini hapa ndipo watu wengi wanapokikosea, na mimi nilikuwa karibu kuwa mmoja wao. Bluu inasema moto haupiti kwenda kwenye maji. Haisemi gasketi ni nzima. Gasketi inaweza kupasuka kati ya njia ya oili na njia ya maji bila kugusa chumba cha mlipuko, na kipimo hiki hakitajua, kwa sababu hakinusi oili. Tulipima na kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, na silinda zote zikawa kati ya baa 12 na 12.5. Hilo nalo linasema jambo lile lile kuhusu upande wa moto, basi. Nilichokuwa nacho mkononi ni sababu nzuri ya kuanza kutafuta kwingine kabla ya hedi.

Fundi wa pili, mtu mzima asiyependa maneno mengi, alinisikiliza akasema tu, "Tuanze na cha bolti nne," akimaanisha oili kula. Kufungua hedi kungetaka kutoa mkanda wa taimingi, manifoldi, na gasketi mpya kwa vyovyote vile. Oili kula ilitoka kabla jua halijawa kali. Tukaziba tundu moja la oili, lingine tukaliunganisha na kompresa ya upepo, baa 4, tukaizamisha kwenye ndoo ya maji baridi.

Hakuna kitu. Hata kiputo kimoja. Nikaanza kujuta kwa sauti.

Mzee yule hakunijibu. Alimwaga maji ya ndoo, akajaza ya moto sana, akaizamisha tena na kusubiri. Ikapita dakika moja, nyingine, kisha kwenye kiungo cha bati ya tatu vikaanza kupanda viputo vyembamba kwa mstari, kama uzi. Aluminiamu ilikuwa imetanuka na ufa ukafunguka. Injini haifanyi kazi ikiwa baridi, akasema, kwa nini tuipime ikiwa baridi?

Oili kula mpya na oringi zake, pete za mpira za kuzuia kuvuja, zilifungwa siku ile ile. Kusafisha ndiko kulikonitoa jasho. Tulizungusha maji yenye dawa isiyotoa povu, hita ikiwa wazi kabisa, tukamwaga, mara nne. Hozi mbili zilikuwa zimelainika na kuvimba, maana mpira wa hozi za maji haupatani na oili, tukazibadilisha pamoja na mfuniko wa tangi. Oili na filta mpya, ingawa dipstiki ilikuwa safi. Kwa wiki mbili bado niliona utando wa mafuta juu ya maji, nikawa naufuta kwa kitambaa na kuandika kwenye daftari ulikuwa na upana gani. Ulizidi kupungua, ukaisha.

Nakipa nyota 4. Kama gari lako linachemsha, linapiga viputo kwenye tangi, au maji yanapotea bila kuonekana yanakokwenda, hiki ndicho cha kwanza kununua. Kama dalili yako ni oili peke yake, kinunue pia ila usikiulize swali kisiloweza kulijibu, na safisha ute mwingi kwanza usije ukavutwa kama wangu. Kichupa changu kimebakiwa na dawa ya kupima mara mbili hivi. Nimekibana kifuniko, nimekiandika tarehe kwa kalamu ya wino, kipo kabatini mbali na jua.