Magnesiamu kwa panya wa maabara: kwenye maji au kwa sindano butu?

Maabara ya Dodoma inayopima kama magnesiamu hupunguza wasiwasi wa panya weupe ianzie kwenye bomba. Maji ya visima vya Makutupora yana magnesiamu yake tayari. Makundi yote yasipopewa maji yaliyokenekwa, kundi linganishi, lisilotakiwa kupewa magnesiamu, nalo linatibiwa.

Kuchanganya chumvi ya magnesiamu kwenye maji ya kunywa hakumsumbui mnyama. Ugumu ni kipimo: panya wa gramu 25 hunywa takriban mililita 3 hadi 5 kwa siku, na chumvi ikizidi maji huwa machungu, anayakwepa. Pima chupa kwa mizani kila asubuhi, maana chupa inayovuja hukudanganya kuwa panya ana kiu. Kumbuka pia kwamba fuwele za kawaida za kloraidi ya magnesiamu zina asilimia 12 tu ya magnesiamu yenyewe.

Sindano butu ya mdomoni, inayopeleka dawa moja kwa moja tumboni bila kuchoma, hufikisha dozi kamili: mililita 10 kwa kilo, yaani 0.25 kwa panya huyo. Lakini kushikwa kunamtia hofu, na hofu ndiyo unayoipima! Asipozoeshwa kwanza, kwenye njia panda iliyoinuliwa, kifaa cha kupima wasiwasi chenye njia mbili za wazi na mbili zenye kuta, atajibanza penye kuta, nawe useme magnesiamu haifanyi kazi. Kundi linganishi lipewe sindano hiyohiyo, yenye maji matupu.

Kwa jaribio la wiki kadhaa, tumieni maji. Sindano ifae dozi moja tu.