MuseScore kwa tromboni nne: inaandika safi, ila mkono wa mpigaji haiujui

Bendi za Mombasa zinazotaka kuhamishia muziki wa piano kwenye tromboni hazina haja ya kununua programu ya kuandika noti. MuseScore ni ya bure, na toleo la 4, lililotoka Desemba 2022, linaitosha kazi hii. Sauti zake bora za ala za shaba hupakuliwa kando na zinakula bando vibaya. Kwa kukagua noti, zile za kawaida zinatosha.

Ukitaka kuijua vizuri, ipe Preludi ya Chopin, Opus 28 namba 20: baa (vipimo) 13, mwendo wa pole, kodi nzito, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, mwanzo mpaka mwisho. Amri ya Explode kwenye menyu ya Tools huzitawanya kodi, noti ya juu kwa tromboni ya kwanza, inayofuata kwa ya pili. Raha. Lakini kodi ya piano ina noti sita au saba, na wewe una watu wanne, kwa hiyo punguza kwanza kwa mkono wako: ondoa noti zilizorudiwa kwa oktavu, halafu ya tano ukihesabu kutoka noti ya msingi ya kodi. Ya tatu usiiguse. Chini kabisa acha nafasi ya noti tano au oktavu kati ya besi na jirani yake, la sivyo ni ngurumo tu.

Noti iliyo nje ya uwezo wa ala hugeuka rangi, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Kuanzia baa ya tano besi inashuka nusu toni kwa nusu toni: C, B, B flati, A, A flati. Zote zinapigika, programu inanyamaza. Kwenye tromboni isiyo na triga (kitufe cha kidole gumba kinachorefusha bomba), C iko posisheni ya 6, B ya 7 ambako mrija umevutwa wote, kisha B flati ni ya 1, mrija ukiwa ndani kabisa! Mrija unarudi wote kwa pigo moja, na muunganiko wa sauti unakatika. Mwenye triga ya F hana shida: C anaipata mrija ukiwa ndani, B kwenye ya 2 iliyovutwa kidogo. Asiye nayo, shusha kipande chote toni moja. Besi itaanza B flati na kuteremka 1, 2, 3, 4, 5 kama ngazi. Flati zitakuwa tano, vijana watanung'unika, waache.

Programu pia haina mapafu. Andika alama za pumzi, na tromboni ya nne ipumue mahali tofauti na wenzake, maana noti za chini zinazopigwa kwa nguvu ndizo zinazomaliza hewa.

Kabla ya kuchapisha, ulizia wapigaji wanasoma ufunguo gani, yaani alama ya mwanzo wa mistari ya noti. Waliolelewa kwenye bendi za mtindo wa Kiingereza wengi husoma ufunguo wa treble, toni moja juu pamoja na oktavu. MuseScore ina tromboni ya aina hiyo kwenye orodha yake. Ukibadilisha ala, noti zinajipanga upya zenyewe.