Uzoefu wangu: kujenga nyumba za viungani za miaka ya 1950 ndani ya Minecraft

Kama unajiuliza iwapo Minecraft, ule mchezo wa kompyuta wa kujenga kwa bloku za mraba, inafaa kujengea zile nyumba za zamani za viungani mwa miji ya Marekani, zilizolala chini, zenye dirisha pana sebuleni na banda la gari ubavuni, jibu langu ni ndiyo. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja imekatwa na paa, nitafika huko.

Wengi hukimbilia makasri na minara, halafu wanapigana na duara katika mchezo usiojua duara. Nyumba ya mtindo wa ranchi, ndiyo hiyo iliyolala chini, haina ugomvi huo. Ni maboksi mawili au matatu marefu yaliyounganishwa, ghorofa hakuna, mapambo machache. Uzuri wake uko kwenye uwiano: urefu wa ukuta dhidi ya kimo chake, dirisha limekaa wapi, paa limetokeza kiasi gani nje ya ukuta. Hayo ndiyo mambo ambayo bloku zinakulazimisha uyafikirie.

Tuanze na vipimo. Bloku moja ni mita moja kila upande, kwa hiyo hata ukuta wako una unene wa mita nzima. Nyumba za kwanza za Levittown, kitongoji maarufu cha nyumba zinazofanana, zilizoanza kujengwa mwaka 1947 kwenye mashamba ya viazi ya Long Island, karibu na jiji la New York, zilikuwa na takriban mita za mraba 70. Ukijenga mita 10 kwa 7 kwa nje, ndani unabaki na 8 kwa 5, yaani mraba 40, na hapo hujagawa vyumba. Mimi huzidisha ramani mara moja na nusu, 15 kwa 11 hivi, lakini kimo sikigusi: bloku tatu toka sakafuni hadi darini, basi. Ukipandisha hadi nne kwa sababu chumba kinaonekana kubana, nyumba nzima inapoteza ule mlalo wake na inakuwa shule.

Sasa paa. Ranchi nyingi zilikuwa na paa la mteremko mdogo: kwa kila futi tatu au nne za kwenda mbele, linapanda futi moja. Ukitumia bloku za ngazi, kama wanavyofundisha kwenye video nyingi, unapata nyuzi 45, na nyuzi 45 ni nyumba ya kijijini ya hadithi za watoto. Ukipanga nusu bloku, yaani zenye kimo cha nusu mita, kila hatua moja ikipanda nusu, unapata takriban nyuzi 27. Afadhali, ila bado ni kali. Ninachofanya ni kuweka nusu bloku mbilimbili kwa mlalo kabla ya kupanda. Hapo mteremko unashuka hadi nyuzi 14 na kidogo, na ukisogea mbali kidogo, ndiyo hiyo ranchi yenyewe. Nyumba ya upana wa bloku 12 inapanda bloku moja na nusu tu hadi kileleni.

Tatizo linakuja kwenye kuta za mwisho, pale paa linapofanya pembetatu. Nusu bloku inayokaa sehemu ya juu ya nafasi yake inaacha uwazi chini yake, na mchezo haukuruhusu kuchanganya nusu mbili za vitu tofauti ndani ya nafasi moja. Kwa hiyo huwezi kuziba uwazi huo kwa rangi ya ukuta. Unaongeza nusu ya pili ya kitu kilekile cha paa, kisha unatokeza paa bloku moja mbele ili kivuli kifiche unene ule. Inakubalika. Lakini kwa mchezo ambao umekuwa ukiongezewa vitu tangu toleo kamili la 2011, kukosa robo bloku ya paa kunaniudhi kila ninapofika hatua hiyo. Terakota (udongo wa kuchomwa) na zege, ambazo ndizo rangi zetu kubwa za ukuta, hazina hata nusu bloku wala ngazi zake.

Asiyetaka maumivu haya aanze na nyumba za aina ya Joseph Eichler, mjenzi wa California aliyesambaza maelfu ya nyumba zenye paa bapa au la mteremko mdogo sana, boriti zinazoonekana, na ua mdogo wa wazi katikati ya nyumba. Paa bapa ni safu moja ya nusu bloku, imekwisha. Tena bloku za kawaida hazianguki. Mchanga, kokoto na unga wa zege ndivyo vinavyoanguka. Banda la gari linaweza kuning'inia hewani mita sita bila nguzo hata moja, na mhandisi hayupo wa kukupigia kelele. Weka hata hivyo nguzo mbili nyembamba za uzio. Jicho linazitaka.

Kwenye rangi ndipo nyota nne zilipopatikana. Kuna rangi 16, na kila moja inakuja kwa zege na kwa terakota. Zege ni kali mno kwa kazi hii. Terakota imepauka kama shati lililofuliwa mara nyingi, na ndiyo tunayoitaka. Lakini usiamini majina ya rangi zake: terakota nyeupe ni ya maziwa yenye uwaridi kidogo, ya samawati hafifu inaelekea zambarau ya kijivu, ya njano ni haradali, na ya kijani ni zeituni. Hizo mbili za mwisho zinakupeleka moja kwa moja kwenye majiko ya miaka ya 1970. Kwa bafu la waridi la miaka ya 1950, tumia mbao za mcheri zilizoongezwa mwaka 2023. Ile kijani-bahari ya milango na majokofu ya zamani haimo kabisa katika rangi 16; ninaipata kwa shaba iliyokwisha kushika kutu ya kijani. Shaba ikiwa bado inabadilika, ipake nta ya sega la nyuki isimame kwenye rangi unayoitaka.

Jambo moja kuhusu uzio mweupe mbele ya nyumba, ambao kila mtu huuweka. Levittown ya mwanzo ilikataza uzio. Ilitaka pia nyasi zikatwe kila wiki. Na mikataba yake ya mwanzo ilizuia watu wasio weupe kuishi humo, isipokuwa kama watumishi wa nyumbani. Huwa nalikumbuka hilo ninaponyoosha ile mitaa safi, na ndiyo maana sipendi maelezo ya "enzi tamu" yanayobandikwa chini ya picha za majengo haya. Napenda nyumba zenyewe, basi.

Ndani sina mengi. Samani hakuna zaidi ya kitanda na vichache vingine, kwa hiyo sofa ni ngazi, kabati ni milango ya sakafuni iliyosimamishwa, jokofu ni bloku ya chuma yenye kitufe. Mashine ya santuri ipo na inapiga kweli. Gari usijaribu; acha banda wazi.

Kinachobaki kunishinda ni mtaa. Nyumba moja peke yake haileti hisia ya viunga, zinatakiwa kumi au ishirini zinazofanana kwa ubishi. Kunakili ni rahisi, na katika toleo la Java, lile la kompyuta, bloku ya miundo, ambayo ni bloku maalumu ya kunakili majengo, inahifadhi hadi bloku 48 kila upande, inatosha nyumba na bustani yake. Ubaya ni kwamba mitaa ya viunga vile ilijengwa kwa kupinda, huku mchezo ukigeuza nyumba kwa nyuzi 90 tu. Suluhisho langu ni kuacha nyumba zote zitazame upande mmoja, kisha kila moja irudi nyuma bloku mbili kuliko jirani yake, na barabara ifuate hizo hatua. Geuza nakala moja kati ya tatu kama kwenye kioo, banda lihamie upande wa pili, badilisha rangi ya mlango na ya pembetatu ya paa. Jenga kwenye eneo la nyanda tambarare, maana rangi ya nyasi hufuata eneo, na kwenye savana bustani zako zote zitakuwa za manjano hata ukate nyasi kila wiki.