Bega limeganda: mafuta ya Kihindi au fizio (tiba ya mazoezi ya viungo)?

Bi mkubwa bega la kushoto lilimganda karibu mwaka, kushika bomba kwenye mwendokasi hawezi, kusuka nywele ndo usiseme, basi tukajaribu vyote viwili. Ayurveda, ile tiba ya asili ya Kihindi, tulienda Upanga kwa mama mmoja wa Kihindi, anakukanda na mafuta ya ufuta yaliyochemshwa na mizizi, wenyewe wanaita abhyanga, halafu unapigwa mvuke, na kuna matone ya mafuta ya puani, nasya, hiyo bi mkubwa aliikataa katakata! Raha yake hutaki kuamka, usiku unalala, ila mkono ukiuinua unagoma palepale.

Fizio sasa ni mateso, unaning'iniza mkono unaubembeza, unatambaza vidole ukutani kila siku, lakini ndo iliyomrudishia mkono juu, tena pole pole mno maana ugonjwa wenyewe unaweza kukaa mwaka 1 hadi 3. Mimi nachagua fizio, mafuta yawe ya kulainisha kabla ya zoezi. Vile vidonge vya Ayurveda vyenye madini achana navyo, vingine vimekutwa na madini ya risasi na zebaki. Na kapime sukari, wenye kisukari ndo linawapata sana.