Niliuziwa "Conn" kumbe ni Martin: uzoefu wangu na saksafoni ya stensili

Nianze na bei maana najua ndiyo mtauliza. Dola 260 kwenye mnada wa mtandaoni, alto, imepakwa fedha ila fedha yenyewe imepiga weusi kama sufuria iliyounguza wali, halafu fundi akala 430 juu yake. Jumla 690. Sijutii, ila muuzaji nilimnunia wiki nzima.

Niko Columbus, Ohio, napiga kanisani kwetu na siku moja moja tunapiga rumba na jamaa wa Kongo, na nilikuwa natumia alto ya kukodi ambayo sauti yake ni kama mtu anaongea amebana pua. Nikasema natafuta chuma cha zamani. Shida saksi ya kiwanda cha Conn au Buescher ya miaka ya 1920 yenye jina lake mwenyewe, iliyokwisha kutengenezwa, bei yake kwa mfuko wangu ni hapana, ndo nikaangukia kwenye stensili.

Kwa asiyejua, stensili ni saksi iliyotoka kiwanda kikubwa halafu ikachorwa jina la mwingine, mara duka la muziki, mara kampuni ya kuuza kwa katalogi. Ni kama ule unga wenye nembo ya supamaketi, wewe unajua kabisa supamaketi haina kinu. Miaka hiyo ya 1920 Wamarekani walipagawa na saksafoni, kila nyumba inataka moja, na Elkhart, Indiana, kamji tu hapo jirani yetu, kalikuwa na Conn, Buescher na Martin wote watatu, ukileta oda wanakuchorea jina lako. (Msichanganye na Elkhorn ya Wisconsin, huko ni Holton. Nimeona matangazo kibao yanachanganya.)

Ya kwangu kwenye mdomo mpana ule wa mbele kuna jina la duka ambalo halipo tena na maua yamechorwa kwa mkono, mazuri kwa kweli, kiwanda hakitajwi popote. Muuzaji akaandika kwa herufi kubwa CONN 1924, nikamuuliza umejuaje, akasema amechukua namba iliyogongwa nyuma ya bomba akaenda nayo kwenye chati ya Conn ikaangukia mwaka huo. Mimi nikaona huyu mtu msomi, nikalipa. Sasa hapo ndo kosa lenyewe, kwa sababu namba ya tarakimu sita ukiibeba kwenye chati ya kiwanda kingine mara nyingi itaangukia mwaka fulani tu, chati haikatai mtu, inabidi kwanza umjue aliyetengeneza ndo uende kwenye chati yake, na hata hapo namba za stensili si lazima zifuate mpangilio wa zile zenye jina la kiwanda.

Mzigo ukafika, nikaufungua sebuleni na tochi ya simu. Kwanza nikatafuta ile patenti ya tarehe 8 Desemba 1914, namba 1119954, ambayo Conn walipenda kuigonga karibu na namba ya saksi hata kwenye stensili zao. Haipo. Nikaangalia ufunguo wa G-shapu wa kidole kidogo cha kushoto, maana Conn wa enzi hizo waliuwekea mikwaruzo kama tupa ya kucha, wa kwangu laini kabisa. Roho ikaanza kudunda.

Halafu nikaona matundu. Conn na Buescher matundu yao wanayavuta kutoka kwenye bomba lenyewe, shaba ileile inainuliwa juu, kwa hiyo huoni kiungo. Ya kwangu kila tundu lina kipete chake kimelehemiwa kwa nje, mstari wa risasi unauona kwa macho kuzunguka shina, na ukuta wake mnene chini halafu unachongoka kwenda juu. Hiyo ni Martin, hakuna mjadala. Wengi wanakimbilia kuangalia kama kingo za matundu zimekunjwa wakidhani ndo dalili ya Conn, ila stensili nyingi za Conn hazikukunjwa, na Wajerumani wa Keilwerth nao walikunja za kwao, kwa hiyo dalili hiyo peke yake itakuingiza chaka.

Nikamwandikia muuzaji. Jibu: "kwani zote si za Elkhart?". Nikaacha.

Fundi nilimpelekea bila kumwambia chochote. Akapitisha ukucha kwenye tundu moja, akasema Martin, hata jina la duka hakulisoma. Akazima taa ya chumba, akaingiza taa ndefu ndani ya bomba, padi (zile za kuziba matundu) karibu zote zinavuja na matundu mawili yenyewe yanavuja chini kwenye lehemu, risasi imeliwa. Huo ndio ugonjwa wa Martin mzee na ndiyo maana bili ilipanda. Kama unayo, usimpe fundi wa redio akuwekee moto, kipete kimoja kikiachia unaanza upya.

Sauti sasa. Nene, ina giza fulani zuri, noti za chini zinatoka bila kulazimisha. Kinachokera ni funguo za kidole kidogo, kutoka B ya chini kwenda C-shapu ni mazoezi ya viungo, na mausipisi yangu (kile kipande cha mdomoni) ya kisasa yenye tumbo dogo ilikuwa inanitoa kwenye tyuni huku juu mpaka nikaazima ya tumbo kubwa ikatulia.

Kabla ya hii nilikaribia kununua nyingine ya dola 150, nzuri kuliko hii kwa macho, rafiki akaniambia angalia chini ya namba pamegongwa nini. Ilikuwa "High Pitch". Hizo zilitengenezwa kwa tyuni ya juu, noti ya A ya kama hezi 457 wakati leo tunapiga 440, na huwezi kuirekebisha, utapiga peke yako chumbani maisha yako yote. Tafuta herufi L au "Low Pitch". Na C melodi (saksi ya ufunguo wa C) pia ziko nyingi mno za bei ya bure, si mbaya ila si alto wala tenor, jua unachonunua.

Kwa mwenye hela kidogo zaidi angalia na stensili za baadaye: H. Couf Superba ni Keilwerth, Vito zingine zimetoka kwa Yanagisawa Japani na zingine kwa Beaugnier Ufaransa. Ila hizo siku hizi wauzaji wameshashtuka.

Nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu ya sanduku, linanuka panya mpaka leo na nimeshalianika juani mara tatu.